Maneno Ambayo Hayakuwemo kwenye Filamu

Vitus Kalinga alitafsiri filamu. Alikaa kwenye kibanda chake pale Mwanjelwa na kompyuta na maiki, akiongea Kiswahili juu ya sauti za Wakorea na Wahindi, na wauzaji wakaisambaza kazi yake kwenye flashi mpaka Tunduma. Watu walimwita Profesa. Elimu yake iliishia kidato cha nne, ila alikuwa na mtindo wake: waigizaji wakinyamaza, yeye anauliza swali. Mtu akimaliza kulipa kisasi, Vitus anasema, "Mtazamaji, huyu sasa amepona, au wagonjwa wamekuwa wawili?" Wauza nyanya na mafundi simu walibishana kutwa nzima juu ya maswali hayo, na yeye akipita waliita, "Profesa, njoo utuamulie!" Alipenda sana kuitwa.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita, baridi ikiwa kali, aliingia mwanamke aliyemfahamu kwa sura. Ni Juliana, anauza mitumba mtaa wa nyuma.

"Natafuta ile filamu ya Kikorea," alisema. "Ya kijana ambaye baba yake amepoteza kumbukumbu. Nataka kusikia tena maneno ya yule kijana pale mlangoni, mwisho."

"Maneno gani, mama?" Vitus aliuliza, ingawa alijua.

Juliana aliyasema bila kukosea hata moja. "Mtu ni kumbukumbu zake. Baba aliyenisahau si baba tena, kilichobaki ni mwili. Nikiondoka, simwachi mtu."

Kisha akaeleza. Mama yake aliishi Chimala, na alikuwa amesahau majina ya watoto wake wote. Kila Jumapili Juliana alikwenda kumwogesha na kumlisha, na mama alimwita mwizi. Alipoiona ile filamu, akaacha kwenda. Ikapita miezi minane.

"Nilijisemea, Profesa anajua mambo, hawezi kusema tu," aliendelea. "Tumemzika wiki iliyopita. Jirani aliyekuwa anamwangalia ananiambia kila Jumapili mama alitaka avalishwe gauni zuri, anakaa barazani. Akiulizwa anamsubiri nani, hajui. Anajua tu kuna mtu anakuja." Alifuta pua kwa ncha ya kitenge. "Sasa nataka kuyasikia tena. Naona kama kuna sehemu nimeisahau, ile iliyonipa amani."

Masikio ya Vitus yalipata moto. "Nitakutafutia," alisema, akainama kwenye kompyuta kama mwenye kazi nyingi mpaka Juliana alipotoka.

Hakuwa na haja ya kutafuta. Alijua kijana alisema nini kweli. Maandishi ya Kiingereza yalikuwa chini ya picha, na Kiingereza chake kilitosha: hanijui, lakini mimi namjua, nitabaki naye. Basi. Siku ile alipokuwa anarekodi aliyasoma na kuyaelewa vizuri. Ila wiki hiyohiyo dada yake, Bertha, alikuwa amempigia kutoka Kihesa, Iringa. "Baba amepotea tena, tumemkuta stendi. Njoo tusaidiane, Vitus." Akajibu kwamba kazi zimembana. Kisha akashika maiki, na alichoshindwa kumwambia dada yake akakitia kinywani mwa kijana wa Kikorea.

Siku tatu alimkwepa Juliana. Alizunguka upande wa barabara kuu, akafunga kibanda mapema. Siku ya nne alimkuta akipanga masweta, na hapakuwa na mteja.

"Mama, yale maneno hayamo kwenye filamu. Kijana alisema atabaki. Mimi ndiye niliyeyabadilisha."

Juliana aliendelea kukunja sweta. "Ulikosea Kiingereza?"

"Hapana. Nilielewa."

"Sasa kwa nini?"

"Nina baba yangu Iringa. Yuko hivyohivyo. Nilikuwa sitaki kwenda."

Juliana aliliweka sweta chini. Vitus alisubiri matusi. Aliyataka, hata kofi angelipokea. Lakini yule mama alisema kwa sauti ya chini, "Ondoka hapa, wateja wanakuja," na hapakuwa na mteja yeyote.

Jumamosi alikwenda Kihesa. Bertha alimfungulia, akampokea begi, hakumuuliza chochote, na hilo lilimuuma kuliko kugombezwa. Mzee alikuwa ameketi jikoni karibu na moto. Aliinuka kwa taabu kama anayempokea mgeni. "Kamwene," alimsalimia kwa kilugha, kwa heshima, kisha akamwambia Bertha, "Mpe baba huyu kiti, ametoka mbali." Vitus alishindwa kukaa. Alitoka nje, akasimama nyuma ya choo mpaka uso ulipokauka, ndipo akarudi na kumkata mzee kucha.

Siku hizi anakwenda kila baada ya wiki mbili. Filamu ameirekodi upya, sawasawa na ilivyosemwa, lakini wauzaji wanamwambia watu wanaitaka ile ya kwanza, ndiyo yenye maneno. Hiyo hana namna ya kuirudisha, imeshasambaa. Maswali ameyaacha, pakiwa kimya kwenye picha, anaacha kimya. Wanaomwita Profesa bado wapo, naye hunyoosha mkono bila kugeuka. Juliana hajamsalimia tena. Msamaha hajamwomba, maana anaona hata huo utakuwa ni kumtwisha yule mama kazi nyingine.