Pindo la Mama Beryl Silifumui

Beryl alinipigia jana asubuhi, nikamwambia arudie. Akarudia. Mpaka saa hii kichwa changu kinakataa. Mama Beryl hayupo? Mama Beryl gani?

Kwa wale hamkumjua, alikuwa fundi wa nguo pale Lindi, Kibera. Mimi Nekesa nilikalia cherehani ya pili kwenye kibanda chake, hadi alipohamia kwa binti yake Beryl, Kawangware 46. Alikuwa boss wangu, halafu rafiki yangu, halafu boss tena, kulingana na vile nimeshona siku hiyo.

Sasa nimefungua group ya mazishi nikakuta mtu ameandika, "Huyu mama alituacha kitambo, ni mwili tu ulikuwa umebaki." Na watu wanajibu Amen!

Amen ya nini? Futa hiyo maneno. Nilikaa naye wiki jana na hakuwa ameenda popote.

Hadithi hii ya "alituacha" ilianza na utafiti wa wazee. Watafiti walikuja kwenye ukumbi wa kanisa wakatoa watu damu, wapime telomere, zile ncha zinazolinda chembe za urithi na ambazo hufupika tukizeeka. Nesi alimweleza polepole. Mama Beryl akamuuliza, "Kwani pindo langu limeisha?" Nesi alicheka mpaka akaweka sindano chini.

Baadaye ikaja ile interview ya kumbukumbu, mimi ndiye nilimsindikiza. Kijana wa utafiti akamuuliza, "Huyu mtoto mmekuja naye ni nani?"

"Huyu ni mama yangu."

"Mama yako?"

"Eeh. Na ni mkali."

Kijana akaandika kitu, uso umemlegea kwa huruma. Jamani! Atieno ni mjukuu wake, amepewa jina la mamake Mama Beryl. Kwa Wajaluo mtoto kama huyo unamwita mama, na hata sisi Waluhya tunafanya hivyo. Nikamwambia, "Boss, futa, hajachanganyikiwa." Akanijibu kwa adabu, "Madam, caregiver haruhusiwi kujibu."

Majibu ya damu yalisema ncha zake ni fupi kwa umri wake. Daktari wao mwenyewe alisema hilo haliwezi kutabiri ni nani atasahau. Hiyo sehemu hakuna aliyeisikia. Mtaani ikawa "damu imesema," basi.

Watu wakaanza kumruka. Jirani anaingia, yeye amekaa pale pale, na mimi ndiye ninaulizwa, "Siku hizi anakula?"

Siku moja akajibu mwenyewe: "Anakula. Na anasikia."

Nilimpenda sana siku hiyo.

Sitawadanganya, alikuwa anasahau. Alienda Riruta kununua uzi akapotea, tukamtafuta jioni yote. Mwishowe hata jina langu lilimtoka. Liliniuma vibaya. Nililia kwa choo cha Beryl, nikarudi nikasema ni mafua.

Lakini wiki jana nilipoingia, kitu cha kwanza alishika pindo la dress yangu.

"Hii nani alishona?"

"Ni mimi."

"Toa. Customer akiona hii utaniharibia jina."

Nikatoa, nikakaa na leso. Akamwita Atieno, "Mama, niwekee uzi kwa sindano." Akafumua pindo lote, akaanza kulishona upya kwa mkono. Alichukua muda, na mshono ukaenda kulia na kushoto kama njia za Lindi mvua ikinyesha. Alipomaliza alikata uzi kwa meno, vile amekata siku zote, akaniangalia.

"Sasa uko sawa, fundi. Rudi kazini."

Jina la Nekesa alikuwa amelisahau. Lakini mimi, fundi wake, hakunisahau. Niambieni huyo ndiye mtu aliyekuwa ameenda kitambo!

Jana Atieno aliniuliza, "Sasa nani ataniita mama?" Nilimkumbatia tu.

Siku ya kukusindikiza, Mama Beryl, nitavaa hiyo dress. Mafundi wote wa Kibera watakuwa pale na wataona pindo limeenda upande. Waone. Atakayeuliza nitamwambia ulilishona wewe, wiki yako ya mwisho, ukiwa unajua unachofanya.

Pumzika sasa, boss. Cherehani yako nimeifunika vizuri. Na hilo pindo sifumui hata uzi mmoja.