Swali la Umri Kule Mbwara

Siku yangu ya kwanza katika halmashauri, Uhuru ukiwa bado mbichi, Katibu Mtendaji alinikabidhi fomu, kalamu na baiskeli, akaniambia kuwa sasa mimi ni karani wa makazi. Ofisi yetu ilikuwa Kibiti, chumba kimoja chenye popo darini. Sehemu ya ushuru wa korosho na pamba, pamoja na ruzuku, yaani msaada wa Serikali Kuu, iliwekwa katika fungu la nyumba za wazee wasio na wa kuwatunza. Fungu ni fedha iliyotengwa kwa jambo moja tu. Mwaka wa serikali ukiisha haijatumika, inarudi ilikotoka.

Nyumba zenyewe zilikuwa za boriti za mikoko, udongo na bati, kizingiti kikiwa chini ili mwenye goti bovu asipate taabu. Zilikuwa chache. Masharti yalitaka mzee aliyetimiza miaka sitini, na cheti cha kuzaliwa nani alikuwa nacho? Kwa hiyo fomu iliuliza: wakati wa vita vya Maji Maji ulikuwa wapi? Aliyevikumbuka alistahili. Mimi niliona ni swali la akili sana. Ujana nao una mambo yake.

Kule Mbwara nilihoji wazee siku tatu. Vibogoyo, waliopinda migongo, wote jibu moja: sikuwapo. Bi Sikudhani, mjane asiye na mtoto aliye hai, alikuwa akiishi kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia mpunga, maana nyumba yake ilichukuliwa na mafuriko. Ngazi aliipanda kwa kutambaa. Naye alisema yeye ni wa juzi tu. Nikaandika: hastahili.

Katibu Mtendaji, ambaye kwao ni milima ya Umatumbi, vita hivyo vilikoanzia, alisoma orodha yangu akavua miwani.

"Mbwara nzima haina mzee?"

Nikamwambia ndivyo walivyojibu.

"Swali hili waliulizwa zamani na akida, mtawala mdogo aliyewekwa na Mjerumani, askari wamesimama nyuma yake. Aliyesema nilikuwapo, alinyongwa. Na wewe umewaendea na kaptula ya kaki na karatasi mkononi. Rudi. Fungu linafungwa wiki ijayo."

Nilirudi nimejaa aibu. Nilipanda dunguni, nikamweleza Bi Sikudhani kwamba serikali ya sasa inataka kumjengea, na kwamba vita ni njia yetu ya kuhesabu miaka tu. Akauliza karatasi ikitoka hapa inakwenda wapi. Nikasema kabatini, Kibiti. Akauliza kama Wajerumani wana ufunguo wa hilo kabati. Nikajibu hapana, bibi, ufunguo anao Mmatumbi.

"Basi andika nilikuwapo, mwanangu," alisema. "Nilikuwa kigoli. Dawa ya kuzuia risasi ililetwa nyumbani kwa kibuyu, na mimi ndiye niliyewanywesha kaka zangu wawili. Waliniamini. Hawakurudi. Tangu hapo sijampa mtu maji kwa mkono wangu."

Vita hivyo nilikuwa nimevisoma shuleni, ukurasa mmoja, na sasa vilikuwa vimekaa mbele yangu vikikanda goti. Fomu ilikuwa na nafasi ya neno moja. Niliandika "alikuwapo", nikashindwa kuinua uso.

Baadaye nilihamishiwa Maparoni, kisha Mbuchi, nikawatumikia wakurugenzi watatu hadi kustaafu. Vijana wa halmashauri wakija kunisalimu huniuliza ni heshima gani kubwa niliyopata kazini. Wanatazamia cheti ukutani.

Nawasimulia siku tuliyomkabidhi Bi Sikudhani nyumba yake. Jua lilikuwa kali, na Katibu Mtendaji alihutubia mno. Bibi aliinuka katikati ya hotuba, akaingia ndani kwake, akatoka na kata ya maji na kuniwekea mkononi. Nikasema bismillahi, nikanywa yote.