Mayai yangu yalivyoponea chupuchupu kwa inverter siku ya ruracio

Wakuu, habari zenu. Mimi huwa nasoma tu hapa, leo nimejikaza niandike. Ni mambo ya kweli, na mkicheka sitakasirika.

Hapa kwetu Ruiru tuna solar ndogo ya backup. Stima ikipotea, inverter inabeba taa, TV, simu za kuchaji na incubator yangu ya kuangulia vifaranga. Basi.

Mayai yangu ya kwanza yaliharibika kabla tuweke solar. Stima ilipotea, yakanuka nyumba nzima. Mama akaniambia nikiharibu mengine, hiyo mashine itoke kwake.

Sasa vifaranga wa mara ya pili wakaanza kudonoa maganda siku ileile ya ruracio ya dada yangu Wambui. Mchumba wake, Kamau, alikuwa anakuja na wazee kutoka Thika kuleta mahari.

Asubuhi stima ikapotea. Mawingu tele, na baridi ya Ruiru mnaijua.

Tata Nyokabi, dada yake Mama, akachomeka birika la umeme. Inverter ikalia tii tii tii, ikazima kila kitu. Birika moja linataka nguvu zaidi kuliko vitu vyetu vyote pamoja.

Kuongea mbele ya watu siwezi. Nikachomoa birika, nikawasha inverter, nikaandika kwa kipande cha katoni: USIWEKE BIRIKA HAPA. Nikabandika juu ya soketi.

Kurudi, nakuta Tata ameweka pasi.

"Tata, hiyo..."

"Hii ni nini? Si ni pasi? Wewe umeandika birika."

Tii tii tii. Ikazima tena.

Nikaiwasha, nikaongeza chini: WALA PASI.

Zamu hii ilikuwa ni Wambui mwenyewe na blow dryer. Alikuwa ameiweka low, ndiyo maana inverter ilivumilia kidogo. Kichwa kilipofika nusu, ikazima na kukataa kuwaka. Ilikuwa imechemka, lazima ipoe kwanza.

Upande wa kulia nywele zilikuwa zimefura kama mto wa kulalia. Wa kushoto zimejikunja, bado zina maji.

Lakini mimi nilikuwa na shida yangu. Incubator ilikuwa inapoa. Nikaifunika na blanketi, na ndani sauti za vifaranga zilikuwa zinapungua.

Nikamshika Tata mkono, kitu sijawahi kufanya, nikamvuta hadi chumbani. Akaweka sikio kwa kifuniko.

"Ũũi! Humu kuna watu!"

"Wanakufa na baridi, Tata."

"Na mbona hukusema?"

"Niliandika."

"Uliandika birika na pasi! Watoto uliwaandika wapi?"

Akatoka akapiga kelele, nadhani hata Juja walisikia. "Hakuna mtu kuchomeka kitu! Hata simu!"

"Na kichwa changu, Tata?" Wambui akauliza.

"Funga leso. Wewe utaolewa hata na upande mmoja. Hawa wakipoa wamekwisha."

Inverter ilipopoa ikawaka, na incubator nayo ikawaka. Tata akaweka kiti mbele ya soketi, akaletewa chai ya jiko la makaa hapohapo.

Wageni wakafika. Mnajua ile desturi, wasichana wanafunikwa leso gubigubi na mwanaume anatafuta wake. Kamau hakuzunguka. Alienda moja kwa moja kwa yule mwenye nundu upande wa kulia.

Wazee wake wakapiga makofi, eti hayo ndiyo mapenzi. Mimi nilijua ni blow dryer.

Wakiwa katikati ya mambo ya mahari, Tata akaingia sebuleni. "Wa kwanza ametoka!" Wazee wakaacha mazungumzo wakaja kuchungulia mashine, wengine na sahani mkononi. Nilijificha nyuma ya mlango.

Siku hizi fundi ametenganisha waya. Soketi za jikoni na shower ya umeme hazipiti kwa inverter kabisa. Kitu cha kuchemsha maji, kunyoosha nguo au kukausha nywele kinangoja stima. (Tata ameniuliza kama incubator haitoi joto. Inatoa, lakini inakula umeme kidogo tu, karibu sawa na balbu ya zamani.)

Funzo nililopata: ukimkataza mtu, mwambie unalinda nini. Mimi nilitaja birika, nikaacha vifaranga.

Mama amekubali mashine ikae. Ameomba tu kuku wasilale sebuleni.

Wenye inverter ndogo, wageni wakija nyinyi hufanyaje? Semeni. Nitasoma zote, kujibu ndio huwa nachelewa.