Safari ya Bibi Kwenda Ukara

Nilipokuwa mtoto sikujua kwamba mji wetu una sifa. Kwangu mimi Sumbawanga ilikuwa baridi ya asubuhi, ugali wa ulezi, kengele ya kanisa na vumbi la Chanji tulikokuwa tunakaa. Habari za wachawi tulizisikia kama wanavyozisikia watoto wa kila mahali, na katika hadithi zetu wachawi walikaa mbali, katika vijiji ambavyo hakuna mtu tuliyemjua aliyewahi kufika. Kwamba huko mbali nako kuna watu wanaosimulia habari zetu hivyo hivyo, hilo nililijua ndani ya basi, nikiwa darasa la nne, nimekaa ubavuni mwa bibi yangu.

Bibi Leokadia, mama yake mama, alikuwa mkulima wa Pito, kijiji cha nje ya mji. Mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, rozari yake kaivaa shingoni ndani ya gauni. Kiswahili alikifahamu cha salamu na cha sokoni, basi. Mengine yote kwake yalikuwa Kifipa. Binti yake wa mwisho, mama mdogo Sesilia, alikuwa mwalimu. Alipangiwa kazi Ukara, kisiwa kilichoko ndani ya Ziwa Viktoria, akaolewa huko huko. Mwaka huo akajifungua mtoto wa kiume, wakampa jina la babu yetu, Kletus.

Bibi akasema lazima aende akamshike. Alisema hivyo, kumshika. Hakusema kumwona.

Mama hakupata ruhusa kazini. Kwa kuwa ilikuwa likizo ya Juni, nikatolewa mimi nimsindikize Bibi, niwe mdomo wake na masikio yake. Tukaondoka na kiroba cha unga wa ulezi aliousaga kwa ajili ya uji wa mzazi. Alikipakata mapajani safari nzima. Nilipomwambia tukiweke kwenye buti alinitazama kama nimetukana.

Mpanda tukabadilisha basi, tukapanda la kupitia Tabora hadi Mwanza. Kabla hatujafika mbali katika msitu mrefu ulio kabla ya Tabora, springi ya nyuma ikakatika. Tulishinda porini tukipigana na mbung'o, fundi na utingo wamelala chini ya gari, na jua lilipozama ndipo tukaondoka tena, taratibu, gari likiyumba. Abiria wengi walikuwa watu wa Kanda ya Ziwa wanaorudi kwao. Walikuwa wachangamfu. Wengine waliimba.

Usiku ulipoingia Bibi akatoa rozari na kuanza kusali, kwa Kifipa, kwa sauti ile yake ya chini. Hivyo ndivyo alivyosali kila usiku wa maisha yake. Nililala nikimsikia.

Nikaamshwa na kelele. Kijana mmoja wa viti vya nyuma alikuwa amepoteza simu. Miaka ile simu ilikuwa mali kubwa, na kijana alikuwa karibu kulia. Dereva akawasha taa za ndani. Watu wakainuka, wakatazamana, wakaanza kushukiana. Konda, mtu wa maneno mengi, akasimama katikati akapiga makofi.

"Jamani, jamani! Mwenye simu ya watu aiachie tu. Mnamwona huyu bi mkubwa hapa mbele? Mimi ndiye niliyemkatia tiketi. Huyu anatoka Sumbawanga. Msikilizeni mwenyewe, ameanza maneno yake tangu jua kuzama. Sasa tukifika Tabora mtu mkono umemvimba, asije kwangu!"

Basi zima likaangua kicheko. Konda naye akacheka, akamwashiria dereva azime taa. Haukupita muda, kitu kikaanguka sakafuni karibu na kiti cha yule kijana. Taa zikawashwa tena. Ilikuwa simu.

Hakuna aliyecheka. Niligeuka nikaona nyuso zote zinatazama upande wetu, naye Bibi amefumba macho, midomo inakwenda, vidole vinahama kutoka punje hadi punje. Mama mmoja wa kiti cha jirani, aliyekuwa ameniambia jioni ile kwamba naye anakwenda Ukara, alimvuta mwanawe akamfunika kwa khanga.

"Kuna nini?" Bibi akaniuliza alipomaliza sala.

"Simu ilipotea, Bibi. Imeonekana."

"Mungu ni mwema," akasema, akajifunika shuka.

Asubuhi, Tabora, watu walikuwa wema kwetu kupita kiasi. Walitupisha mlangoni. Kijana wa simu alituletea chai na maandazi, akampa Bibi kwa mikono miwili huku amepiga goti. Mzee mmoja aliyevaa koti la suti alikuja taratibu, akainama, akasema kwa kunong'ona kwamba ana duka lake Shinyanga, haliendi, na kama Bibi ana namna yoyote ya kumsaidia atashukuru.

"Anasema nini?" Bibi akauliza.

"Anakupa pole ya safari."

Bibi akamshika yule mzee mkono, akamwambia kwa Kiswahili chake, "Asante, baba. Mungu akubariki." Mzee akaondoka anautazama mkono wake. Bibi akanigeukia, anatafuna andazi, uso umenawiri.

"Watu wa huku wana heshima," akaniambia. "Sesilia hakukosea kuolewa huku."

Nikainamisha uso. Nilitamani basi liondoke, na lilipoondoka nilitamani lifike. Nilimwonea aibu Bibi kwa rozari yake, kwa shuka lake, kwa Kifipa chake, na kila alipoinua sauti kidogo nilimjibu kwa Kiswahili ili watu wasikie kwamba tunazungumza mambo ya kawaida.

Toka Mwanza tulipanda meli hadi Nansio, kisha gari, kisha boti. Yule mama wa kiti cha jirani tulikuwa naye njia yote, lakini hakukaa karibu nasi tena. Botini alisimama mbele kabisa, na tulipofika alishuka wa kwanza.

Ukara ni kisiwa cha mawe. Mashamba yamebanwa katikati ya miamba, hakuna hatua ya ardhi iliyoachwa bure, na ng'ombe wanafugwa ndani, wanaletewa majani, samadi yao inabebwa shambani kwa vikapu. Bibi aliyaona hayo njiani akawa anatikisa kichwa kwa kustaajabu. "Hawa ni wakulima hasa," alisema.

Mama mdogo alitupokea kwa kukumbatia na machozi. Mumewe alikuwa ziwani kwa siku kadhaa, kuvua. Mama mkwe wake, Bibi Nyanjura, mwanamke mrefu wa umri wa bibi yangu, alitukaribisha kwa adabu zote. Tukapewa viti, maji ya kunawa, samaki. Bibi akanawa, akala kidogo, akajifuta mikono vizuri, akaikunjua mapajani.

"Mjukuu wangu yuko wapi?"

Nikatafsiri. Bibi Nyanjura akajibu kwamba mtoto amelala.

Jioni mtoto alikuwa bado amelala. Kesho yake alikuwa ana joto kidogo, asisumbuliwe. Kesho kutwa alikuwa amepelekwa kwa mama yake mkubwa, nyumba ya juu mlimani, na mama mdogo akawa anapanda huko kumnyonyesha na kurudi macho yamevimba. Bibi hakulalamika. Alifagia uwanja wa watu, akachambua dagaa wao, akasubiri. Nami kila nilichoambiwa nilikilainisha kabla ya kukifikisha kwake. Siku moja nikaona unga wetu wa ulezi umemwagwa kwenye shimo la samadi, mwekundu juu ya majani. Nikachukua kikapu cha majani nikaufunika, Bibi asiuone.

Jioni hiyo nilikuwa jikoni na mama mdogo, tunamenya mihogo. Akasikiliza nje kwanza, kisha akaniuliza kwa Kifipa, lugha ambayo hakuna mwenyeji wa pale aliyeielewa.

"Yusta, niambie kweli. Kule kwenye basi mama alifanya nini?"

Hakuuliza kama alifanya. Aliuliza alifanya nini. Na kabla sijafungua mdomo nikamwona Bibi amesimama mlangoni na ndoo ya maji kichwani.

Aliishusha ndoo polepole, akaiweka chini.

"Nilikuwa nasali," alisema.

Mama mdogo akaangusha kisu. "Mama, sikuwa na maana... Watu hapa wanasema, na mimi hapa ni mgeni, Mama, mimi ndiye ninayebaki hapa..."

"Wanasema nini?" Bibi akaniuliza mimi, si yeye. "Sasa uniambie vizuri."

Nikamwambia. Habari ya konda, ya simu, ya mzee wa Shinyanga, ya unga. Ile sifa tuliyopewa nilitafuta namna nyepesi ya kuisema kwa Kifipa, nikaikosa. Bibi alisikiliza hadi mwisho. Aliyemuuma zaidi, nadhani, alikuwa yule mzee wa koti, maana alirudia mara mbili, "Na mimi nikambariki."

Asubuhi alivaa gauni lake la kanisani, akanishika mkono tukamfuata Bibi Nyanjura uani.

"Mwambie mkwe wangu simlaumu," alisema. "Sesilia ameniambia mwaka jana alimzika mjukuu. Mwambie nampa pole, sikujua. Mwambie sitamshika mtoto. Amtoe nje tu nimwone. Mimi nitasimama pale kwenye mawe."

Safari hii nilitafsiri neno kwa neno. Bibi Nyanjura hakuniangalia. Alikunja na kukunjua pindo la khanga, kisha akatuma mtu mlimani.

Bibi akaenda kusimama kwenye mawe, ng'ambo ya uwanja. Mtoto akaletwa. Bibi Nyanjura akatoka naye hadi kizingitini, na hapo nikaona kwamba amemfunika kichwa na uso kwa khanga. Miguu tu ndiyo iliyotokeza, miwili, midogo, inarusharusha hewani. Mama mdogo alikuwa nyuma ya mama mkwe wake, ameegemea ukuta.

"Kletus," Bibi akaita. "Kletus, baba."

Kisha akainua mkono wa kulia afanye ishara ya msalaba. Bibi Nyanjura aliuona tu ule mkono unapanda, akageuka haraka na mtoto, akampa Bibi mgongo, akaingia ndani.

Mkono wa Bibi ulibaki juu kidogo. Halafu akaushusha, akaupangusa kwenye gauni, kama mtu aliyeshika kitu kichafu.

Tuliondoka siku hiyo hiyo. Ndani ya basi la kurudi tulikaa na dada mmoja mcheshi aliyetugawia karanga. Gari lilipotoka Shinyanga akauliza, "Bibi, kwani nyie mnatokea wapi?"

Bibi akajibu mwenyewe, kwa Kiswahili safi kuliko nilichowahi kumsikia.

"Mbeya."

Usiku ule hakusali kwa sauti. Rozari haikutoka ndani ya gauni.

Hakurudi tena Ukara, na mtoto hakuletwa kwetu. Mama mdogo alikuja mara chache, peke yake, kila mara na sababu: shule, nauli, hali ya ziwa. Bibi hakumuuliza. Alimpokea, akampikia, akamfungia unga wa kuondoka nao, na mimi sikuwahi kupata ujasiri wa kuuliza kama unga ule ulikuwa unafika.

Bibi alifariki mwaka juzi. Nilipanda basi la usiku kutoka Dodoma, nikafika Pito asubuhi ya mazishi. Mama mdogo alikuwapo, na pembeni yake kijana mrefu wa chuo, ambaye ndiyo kwanza anaikanyaga Ufipa. Kletus alifanya kazi siku nzima bila kutumwa, alichota maji, akabeba viti. Jioni tukakaa uani, watatu, tunakunywa chai.

"Dada Yusta," akaniambia, "mimi chuoni hakuna mshikaji anayegusa hata chaja yangu. Nikishawaambia tu mama yangu wa Sumbawanga, wananipa nafasi. Hiyo ndiyo kinga yangu!" Akacheka.

Nikacheka na mimi, kwa mazoea. Kazini kwangu nao wana utani huo, na huwa nacheka. Kisha nikamtazama mama yake, nikaona hachezi hata jicho, kikombe kimesimama njiani kuelekea mdomoni. Halafu nikamsimulia Kletus yote, mbele ya mama yake, tangu springi ilipokatika.

Alipata taabu kuuliza. "Kwa hiyo uso wangu hakuuona?"

"Hapana. Aliona miguu."

Mama mdogo akaweka kikombe chini. "Nilikuwa hapo hapo ukutani," alisema. "Ningeweza kumnyang'anya yule mama mtoto nikampelekea mama yangu. Uwanja wenyewe mdogo tu." Kisha akalia, na mwanawe akasogea akamshika bega.

Nimewaza sana tangu jioni ile. Konda hakutuchukia, alitaka watu wacheke. Bibi Nyanjura aliogopa kuzika tena. Kijana wa simu alishukuru kwa alivyoweza. Mimi nilikuwa mtoto, mama mdogo alikuwa ugenini. Kila mmoja wetu ana lake la kusema akiulizwa, na kila mmoja, nadhani, anainamisha uso akikumbuka. Katika safari ile nzima asiyekuwa na cha kuonea aibu alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyesema anatoka Mbeya.