Waya Mbili Msituni kwa Secondo

Nives Drocco alikuwa fundi baiskeli, na kila Jumamosi aliwaongoza wageni kwa baiskeli za mlimani kupita katikati ya mizabibu ya Moncrava, kupanda mpaka msitu wa mialoni ulio mgongoni mwa kilima, kisha kuteremka korongoni hadi hapa kwangu, kwenye baa iliyo kando ya daraja. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mwembamba, mikono imejaa grisi mpaka kwenye kucha. Baba yake alimtaka arithi shamba la zabibu. Yeye alimwachia binamu yake shamba, akafungua karakana kwenye ghala la mapipa. Mwaka wa kwanza watu walimcheka. Mwaka wa tatu walikuwa wakimpelekea baiskeli za wajukuu wao.

Asiyecheka wala kupeleka kitu alikuwa Secondo Barroero, mzee wa miaka sabini na mmoja. Safu zake za mizabibu ya nebbiolo zinafika ukingoni mwa msitu, na njia ya kushukia korongoni inaanzia kwenye kona ya shamba lake. Ni njia ya watu wote tangu enzi za nyumbu, lakini Secondo aliiona yake. Sababu alikuwa nayo. Mwezi wa nne mwaka ule, mtu mmoja mwenye baiskeli, si wa kundi la Nives, alimgonga Biri, mbwa wake wa kunusia uyoga wa ardhini, akaendelea na safari yake bila hata kugeuza shingo. Secondo alimbeba mbwa yule mikononi hadi nyumbani, kilomita mbili, na mbwa akafa mlangoni. Kuanzia siku hiyo, kila aliyepanda baiskeli kwake alikuwa mtu yule yule.

Alianza kwa kulaza magogo njiani. Nives akayaondoa. Akaleta makubwa zaidi. Jioni moja hapa baa, mbele ya watu, alimwambia Nives asimwone tena karibu na mizabibu yake, maana safari nyingine hatakuta magogo. Nives akamuuliza atakuta nini. Secondo akamaliza divai yake, akavaa kofia, akatoka. Tuliobaki tulisema ni uchungu wa mbwa tu. Mimi mwenyewe nilisema hivyo, na nilisema kwa sauti.

Jumatano moja ya mwezi wa kumi, Nives alipanda peke yake asubuhi kukagua njia, kwa kuwa Jumamosi alikuwa na wageni sita. Ukungu ulikuwa mzito. Zabibu za Secondo zilikuwa bado mtini, zikingoja siku mbili tatu za jua. Alipofika karibu na kona ile akasikia trekta. Mtu aliyekulia shambani anaijua trekta inayofanya kazi, sauti hupanda na kushuka kadiri ardhi inavyokwenda. Hii ilikuwa ikinguruma kwa sauti moja, haipandi wala haishuki. Akaitupa baiskeli, akakimbia kati ya safu.

Trekta ilikuwa imepinduka pale shamba linapokatika kuelekea korongoni. Secondo alikuwa chini yake, chali, mguu wa kushoto umebanwa kuanzia gotini kwenda chini. Juu ya goti damu ilikuwa ikitoka, na mafuta ya dizeli yakidondoka kwenye nyasi karibu na kichwa chake. Nives alipenyeza mkono akazima injini. Katika ule ukimya akasikia udongo ukimomonyoka, na trekta ikasogea kama shubiri moja. Aling'oa nguzo mbili za mwisho wa safu, akazikita chini ya bodi ya trekta, akasindilia mawe. Ikasimama.

Secondo alifumbua macho akamtazama.

"Kumbe ni wewe," alisema.

"Ni mimi, mzee. Usijitikise."

Alitoa tyubu ya akiba mkobani, akaizungusha pajani juu ya jeraha, akaisokota kwa mpini wa pampu mpaka damu ikapungua. Mzee aliuma kola ya koti lake na hakupiga kelele. Nives akatazama simu ingawa alijua, maana upande ule wa kilima mtandao haufiki, na Secondo hakuwahi kumiliki simu ya mkononi. Mkewe, Pinuccia, alikuwa ameenda mjini Alba na gari, hatarudi kabla ya adhuhuri. Kuzunguka kwa barabara hadi hapa baa kungechukua nusu saa. Kupitia msituni, kwa anayeijua njia, ni dakika saba.

Alikuwa ameshaiinua baiskeli aliposikia akiitwa kwa jina. Mzee hakuwahi kumwita kwa jina.

"Nives. Usipite msituni."

"Barabarani ni mbali. Huna huo muda."

"Nimefunga waya."

Nives alirudi akachuchumaa kando yake. Akamuuliza ziko wapi. Secondo alikuwa akihema kwa shida, maneno yanatoka moja moja.

"Moja baada ya mwaloni uliopigwa radi. Usawa wa shingo. Ya pili iko mbele zaidi, ukiteremka. Niliihamisha juzi."

"Umeihamishia wapi?"

"Sikumbuki ni miti gani. Nilikuwa nimekunywa."

Nives aliniambia baadaye kwamba aliyatazama yale mawe aliyoyasindilia, na kwamba alichowaza wakati ule hatamwambia mtu yeyote, hata mimi. Kisha akachukua mkasi wa kupogolea uliokuwa kiunoni mwa mzee, akautia mfukoni, akaingia msituni.

Mpaka kwenye ule mwaloni alikwenda kasi, maana hapo alijua hakuna kitu. Akafunga breki, akashuka, akaikuta. Waya nyembamba ya kufungia mizabibu, imekazwa barabara kati ya miti miwili, rangi yake rangi ya ukungu. Aliikata ikaruka kando kama nyoka. Mkasi ukamponyoka kwenye majani, akautafuta asiuone, akauacha.

Kutoka hapo kwenda chini ni mawe na mizizi, na njia inapinda mara kumi na moja. Kila kona ina miti pande zote mbili. Angeshuka taratibu, akinyoosha mkono mbele, angefika salama na mzee angekuwa ameshakufa. Alichagua kitu cha katikati. Alirudisha makalio nyuma ya kiti, akalaza kifua mpaka kidevu kikawa karibu kugusa usukani, akaachia breki. Kwa mkao ule mtu haoni mbali. Alikuwa akihesabu kona kwa mdomo. Kwenye ya nne aliinamia tawi akidhani ni waya. Kwenye ya sita matairi yaliteleza kwenye mzizi na akanusurika kwa kukita mguu chini.

Baada ya kona ya nane aliona matone ya maji. Yalikuwa yamejipanga hewani, moja baada ya jingine, kwenye mstari ulionyooka, na hakuna tawi la mti linalonyooka namna ile. Hakuwa na nafasi ya kufunga breki. Alijirusha upande wa kulia. Baiskeli ikapita chini ya waya bila yeye, naye akaburuzika kwenye mawe hadi mkono ukagota kwenye kisiki. Alisikia kifundo cha mkono kikivunjika kabla hajasikia maumivu.

Nilikuwa nikifuta meza nilipomwona akiingia. Uso wote tope, mkono wa kushoto ameukumbatia kifuani. Hakusema ameumia. Alisema Secondo yuko chini ya trekta, kwenye kona ya juu, na kwamba nipige simu sasa hivi niwaambie waokoaji waje na jeki. Nilipiga. Helikopta haikuweza kutua kwa ukungu. Gari la zimamoto lilipita barabarani, na Nives akapanda nao kuwaonyesha pa kuingilia, akikataa kufungwa mkono mpaka wafike. Walimkuta mzee hai. Ile tyubu ndiyo iliyomfikisha hospitalini Cuneo. Mguu walimkata chini ya goti.

Polisi walipomuuliza Nives amevunjikaje, aliwaeleza kila kitu. Wapo waliosema hapa kwamba angenyamaza, mzee ameshalipa kwa mguu. Pinuccia aliacha kumsalimia. Lakini siku ya tatu Secondo mwenyewe aliwaita polisi kitandani pake, akawaelekeza kwenye mwaloni na kuwaeleza kuhusu waya alizonunua, na kesi yake ikaenda mahakamani bila ubishi.

Januari, Nives alikwenda nyumbani kwa Secondo. Mimi ndiye niliyempeleka kwa gari, mkono wake ulikuwa haujapona vizuri. Pinuccia alitufungulia mlango, akatuwekea supu. Secondo alikaa kando ya jiko, suruali imekunjwa na kubanwa kwa pini.

"Usije ukadhani nilikwambia kwa wema," alisema. "Nilitaka ufike. Ungekatika shingo, nami ningekufa."

"Najua."

"Nisingekuwa chini ya trekta, nisingekwambia."

"Hilo nalo najua, mzee. Jumamosi ile walikuwa waje watu sita."

Secondo alitia ukuni kwenye jiko. Akasema kwamba kila usiku anawahesabu hao sita. Hakuomba msamaha, na Nives hakumwambia kwamba yamekwisha. Alikunywa supu yake yote, akamshukuru Pinuccia, tukaondoka.

Njia ilifunguliwa tena mwezi wa nne. Nives alikuja na wageni kutoka Torino, wanne. Nilikuwa nimesimama darajani nikawaona wakitokeza msituni mmoja mmoja, wakicheka, nguo zimejaa tope. Yeye alikuja nyuma sana, kwa miguu, akiikokota baiskeli. Aliwaambia breki ya mbele imelegea. Asubuhi ile nilikuwa karakanani kwake alipoikaza na kuijaribu mara tatu. Niliwamiminia wageni divai, nikamwekea yeye kahawa.