Mbolezi ya Mama Wagdi

Mama Wagdi alianza chuo kikuu akiwa na mvi. Mumewe Khalaf alikuwa amekufa, mwanawe wa pekee, Wagdi, yuko Kuwait anatengeneza viyoyozi, na nyumba ilikuwa kimya mpaka akawa anasikia unga ukiumuka. Akajiandikisha Kitivo cha Sanaa, somo la historia. Shemeji yake, Haji Abdinaim, alisema mjane anayetafuta shahada anatafuta mume. Yeye akamjibu, "Mume wa nini, Haji? Wanitosha wewe wa kunikaripia."

Kwenye maigizo aliingia kwa sababu ya ubishi wa wasichana. Kila mwaka vitivo vya chuo chetu hushindana kwa michezo ya kuigiza, na mwaka ule Sanaa walikuwa na mchezo wa zama za shokoa: kijana Hamdan anachukuliwa kwa nguvu kwenda kuchimba mfereji, anarudishwa kwa mama yake maiti. Hakuna msichana aliyetaka kuwa mama. Msidhani ni haya. Ni kwamba ukumbini hukaa mama za wavulana wakiwatafutia wana wao wachumba, na nani anataka kuonekana na makunyanzi ya kuchorwa? Ndipo Dua, binti mwenye maneno kama cherehani, alipomshika Mama Wagdi mkono.

"Mama, wewe hata rangi hatutahangaika kukupaka."

"Mshenzi wewe," alisema Mama Wagdi, na akaenda.

Alikuwa mzuri, hilo halina ubishi. Alikanda unga jukwaani kama yuko jikoni kwake, alimgombeza Hamdan mpaka wenzake wakasahau maneno yao kwa kucheka. Hamdan aliigizwa na Bishoi, kijana wa Kikristo mwembamba, mwenye njaa ya daima. Lakini kila mazoezi yalipofika mwisho, maiti imelazwa, mama anatakiwa aomboleze, Mama Wagdi alikaa chini, akakunja mikono na kusema, "Hapa nitalia. Tuendelee."

Mwongozaji wao, Ustadh Rifaat, alivumilia mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Mama Wagdi, tuonyeshe unavyolia."

"Utaona siku yenyewe."

"Mimi sinunui ng'ombe gizani. Mama yako si ndiye aliyekuwa akiongoza mbolezi kijiji kizima?"

"Ndiye. Na hakuwahi kumlilia mtu aliye hai."

Hapo ndipo penye shida. Huku kwetu mbolezi si wimbo wa kujifurahisha. Ukimwombolezea mzima, umemchuria. Umemfungulia mlango asiostahili kupita bado. Mama Wagdi alikuwa na mwana mmoja, na huyo mmoja kutwa yuko juu ya ngazi na mapaa ya watu huko Kuwait.

"Basi mlilie Hamdan," alisema Ustadh. "Huyo hajapata kuzaliwa."

"Nikifumba macho, Hamdan ana sura ya nani?"

Bishoi, aliyekuwa bado amelala chini ya shuka, akainua kichwa. "Nililie mimi, Mama. Mimi nina mtakatifu wangu, ananilinda."

"Lala, maiti wewe! Mama yako nimekutana naye sokoni juzi, kanishika mkono akaniambia, 'Dada, mwanangu usimtaje.' Nitamwambia nini?"

Alimpigia Wagdi simu. Wagdi alicheka. "Mama, ni mchezo tu. Lia mpaka uchoke." Kesho yake asubuhi akapiga mwenyewe, sauti imepoa. "Mama, lakini kweli jina langu halimo, eti?"

Wifi yake, Nagah, dada wa Khalaf, alikuja kwa miguu kutoka ng'ambo ya mji kumwonya. "Ulimi hauna mfupa, wifi, lakini huvunja mifupa. Utamchuria mtoto, halafu utakuja kunililia mimi?"

Mwishowe Ustadh akakata shauri. Angeleta sauti ya mwombolezaji wa kukodi, iliyorekodiwa, na Mama Wagdi achezeshe midomo tu. Mama Wagdi alisema sawa. Alifika nyumbani akakaa jikoni bila kuwasha jiko, na aliona uchungu kuliko alivyotarajia. Kuchezesha midomo alikuwa amekwisha kufanya mara moja, na mara hiyo haikuwa mchezo.

Ilikuwa siku ya kumzika Khalaf. Maiti ilipotolewa, wanawake walikuwa wamekwisha kukaa duara wakimngoja yeye, binti wa mwombolezaji, aanze. Haji Abdinaim akasimama mlangoni na fimbo yake. Akasema kuomboleza ni ujahili, nyumba ya ndugu yake haitapigiwa kelele, atakayefungua kinywa atoke. Wanawake wakanyamaza. Yeye akachezesha midomo ndani ya mtandio, pasitoke kitu, mpaka jeneza likapinda kona. Wagdi hakuwapo, tajiri wake alimnyima ruhusa. Asiyekuwapo na lake halipo, na Wagdi hakuwahi hata kuulizia siku ile ilikuwaje.

Siku ya mashindano ukumbi ulijaa. Kitivo cha Sheria walikuja na ngoma zao, maana hao hushangilia kama wako uwanja wa mpira. Wanafunzi wa uchoraji walikuwa wamechora mfereji kwenye kitambaa kirefu nyuma ya jukwaa, rangi haijakauka vizuri, na Bishoi alikwisha kujipaka udongo wa mfereji mgongoni. Nyuma kabisa walikaa mama za wanafunzi na wanawake wa usafi, na katikati yao Nagah, amekunja uso. Hakuja kutazama, alisema, amekuja kulinda.

Mchezo ulikwenda vizuri. Unga ukakandwa, watu wakacheka, askari wakamkokota Hamdan. Kisha maiti ikaletwa, ikalazwa. Pembeni, Ustadh Rifaat alikuwa na kidole juu ya kitufe.

Mama Wagdi akainua kiganja kumzuia.

Akakaa chini karibu na shuka. Akakaa sana. Ngoma za Sheria zikaanza, du-du-du, na mmoja akapaza sauti: "Bibi kasinzia! Mleteeni chai!" Watu wakacheka. Dua, aliyesimama nyuma ya pazia akirekodi kwa simu, akaanza kulia kwa aibu.

Mama Wagdi akavua mtandio, akaushika ncha mbili, na akafungua kinywa.

"Ee Khalaf, treni imepita, kizuizi nani atakifungua?
Shati lako liko kambani, limekauka, nani atalivaa?
Wamekutoa mlango wa mbele, mimi wamenifungia wa nyuma.
Wamenambia nyamaza, nimenyamaza. Shati lako nani atalivaa?"

Khalaf alikuwa mlinzi wa kivuko cha reli. Ukumbini hakuna aliyelijua hilo, wala hawakumjua Khalaf ni nani katika mchezo huu. Mtu mmoja tu ndiye aliyejua. Kule nyuma Nagah alisikia jina la kaka yake, akainuka kama aliyeitwa. Akashuka ngazi za katikati ya viti, mtandio mkononi, na kuitikia kwa sauti ya kijijini isiyohitaji kipaza sauti:

"Nani atalivaa! Nani atalivaa!"

Wanawake wa nyuma wakamfuata. Hawakuuliza Khalaf ni nani; kila mmoja alikuwa na wake. Mbolezi ikaenda na kurudi, jukwaani na vitini, ikapita muda wake, na vijana wa Sheria wakaweka ngoma zao chini. Bishoi alilia chini ya shuka mpaka shuka ikatikisika, maiti gani huyo.

Majaji walikuwa na haki yao. Jina limekosewa, muda umepitwa, watazamaji wameingilia mchezo, maiti imelia. Kombe likaenda Sheria, na Sanaa wakapewa cheti cha ushiriki. Ustadh Rifaat alikikunja cheti, akakitia mfukoni, akamwambia Mama Wagdi, "Ungeniambia tu kwamba unaye wa kumlilia."

"Sikujua kama ningethubutu," alisema.

Dua aliirusha ile video mtandaoni. Siku ya pili Haji Abdinaim alibisha hodi, akaingia sebuleni na fimbo yake, uso umemjaa maneno. Mama Wagdi akamwekea chai kwanza, maana mgeni ni mgeni. Kabla Haji hajaanza, simu ikalia. Mikono ya Mama Wagdi ilikuwa na unga, akaiweka mezani ikasikika kwa wote.

"Mama," alisema Wagdi. "Nimeiona."

"Sikukutaja, mwanangu."

"Najua." Kwa nyuma kiyoyozi kilinguruma. "Lile shati. Ni lile la buluu, la kola iliyochakaa?"

"Ndilo. Mpaka leo sijampa mtu."

"Mimi sikumzika, Mama. Sikumlilia hata kidogo. Nilipopata habari nilikuwa juu ya paa, nikamaliza kazi, nikashuka." Kiyoyozi kikazimwa. "Hebu rudia pale."

Mama Wagdi alimtazama Haji, aliyekaa karibu na mlango uleule wa siku ya mazishi. Akafuta mikono. Akaanza, si kwa kunong'ona, na alipofika mwisho wa ubeti akangoja, kama mama yake alivyokuwa akingoja.

Kwetu wanaume hawaitikii mbolezi. Wagdi aliitikia, polepole, asisikiwe na wenzake wa chumbani: "Nani atalivaa."

Haji Abdinaim aliweka kikombe chini. Khalaf alikuwa mdogo wake. Yeye ndiye aliyemfundisha kutembea. Fimbo aliilaza sakafuni, na akakaa kusikiliza mpaka mwisho.