Korosho za Wifi

Wiki niliyohamia Ufukoni kwa mume wangu, wifi alinizawadia khanga yenye korosho nyekundu. Maneno yaliyoandikwa chini yalisema mgeni asijione mwenyeji. Sikuivaa. Niliitafutia mkasi.

Nilikuwa nashona shuka la viraka, na kila kiraka nilikitaka kibebe korosho moja, katikati kabisa. Nilikata dirisha la mraba kwenye kipande cha boksi, nikawa nalisogeza juu ya khanga mpaka korosho ikae sawa, nachora kwa chaki, halafu nakata nikiacha upana wa kidole kwa ajili ya mshono. Wifi alinikuta nikikata ya tano. Akasema khanga haikatwi. Alipoona siachi, akaniambia basi niikunje nikate zote kwa pamoja, nisijitese. Chapa yenyewe ilikuwa imekwenda upande, khanga ikikunjwa korosho hazilaliani. Ningemsikiliza, nusu ya korosho zingekatika vichwa.

"Zawadi yako naiheshimu, wifi," nilimjibu. "Siwezi kuikata ovyo."

Nilizimaliza moja moja, naye ameketi hapo hapo. Shuka liko kitandani kwangu. Ule ukanda wa maneno ndio ninaopigia deki, na nikisikia wifi anakuja, nauanika mlangoni, maneno yakitazama nje.